Jina Langu Mikononi mwa Bibi

Jumamosi, 14 Juni

Nimefika. Naandika nikiwa kitandani, upande wa ukuta. Upande wa dirisha uliokuwa wangu ameuhamia Nukta, mdogo wangu, na hana mpango wa kurudi kwake. Asiyekuwepo na lake halipo. 

Nyumba ni ileile. Chumba cha mbele bado ni duka la dobi: meza ya pasi, kamba za mashati yaliyonyooshwa, harufu ya wanga na mvuke. Mama alinikumbatia pasi ikiwa bado mkononi, nikaogopa kuungua. Akasema nimekonda. Baadaye akasema nimenenepa uso. Baba amepiga simu kutoka barabarani, lori lake limeharibika tena, akauliza kama nimerudi na lugha yangu au nimeisahau kwenye kiwanja cha ndege.

Bibi alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, kopo la vifungo mapajani. Kazi yake ni hiyo tangu sijazaliwa: nguo ya mteja ikija na kifungo kilicholegea au kilichopotea, Bibi hukishona kabla nguo haijaguswa na pasi. Nilisimama mbele yake nikitabasamu kama mjinga. Hakuinua uso. Nikasogea nikamshika bega. Akanipapasa kidevu, pua, shavu, mpaka kidole chake kikaingia kwenye kishimo cha shavu langu la kulia. Hapo ndipo alipocheka na kunivuta kifuani.

Bibi hasikii tangu utotoni, na shule hakupelekwa. Ishara tunazoongea naye zimezaliwa humu ndani, hazijulikani hata nyumba ya pili. Kila mtu ana jina la mkono. La Mama ni pasi inayosukumwa. La Nukta ni vidole viwili vinavyobana kitu kidogo sana. Langu ni kidole kimoja kinachozungushwa shavuni. Alinipa mwenyewe nikiwa mchanga.

Leo hakulitumia. Alinyoosha kiganja bapa, akakipandisha juu polepole — ndege. Nikadhani ananiuliza habari za safari. Nikajibu ndiyo, ilikuwa kubwa, niliogopa kidogo. Nukta alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Hakuulizi, dada. Ndilo jina lako siku hizi."

Ndege. Yule aliyeondoka. Haya.


Jumapili, 15 Juni

Nilikuwa na siri na leo nimeitoa.

Kule ng'ambo, kwenye shule tuliyoenda kwa muhula mmoja, tuliruhusiwa kuchagua somo la ziada. Wenzangu walichukua kuogelea. Mimi nilichukua lugha ya alama, ile inayofundishwa na mwalimu na kufanyiwa mtihani. Nyumbani sikumwambia mtu. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni hadi mwenzangu wa chumbani akadhani nafukuza mbu. Nilijifunza kusema mambo ambayo ishara zetu hazina: labda, kwa sababu, zamani, naahidi. Siku zote Bibi amesema njoo, njaa, inauma, nguo ya nani. Wengine huwaletea bibi zao viatu. Mimi nilitaka kumletea maneno.

Leo baada ya chakula nilimketisha uani. Nikasimama mbele yake penye mwanga, hatua chache nyuma, kama tulivyofundishwa, ili mwili wote uonekane. Nikamweleza jinsi nilivyomkumbuka. Bibi akanielekezea uso akaitikia kwa kichwa. Nikaendelea, akaitikia tena. Nusura nilie kwa furaha!

Nukta alikuwa kizingitini akichokonoa kidonda cha goti. Nikamuuliza ameonaje. Akasema ameona mtu anatwanga maji kwenye kinu.

Huyu mtoto amepata mdomo nilipokuwa sipo.


Jumanne, 17 Juni

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe pasi," Mama amesema asubuhi, na kweli nikapewa pasi. Kola za mashati zimenishinda. Mkono umesahau.

Adhuhuri akaja mwalimu wa hesabu na shati lake jeupe alilochukua jana. Alilishika kwa vidole viwili. Katikati ya kifua palikuwa na kifungo kikubwa cha kahawia, cha koti la mtu mwingine. Akasema kwa adabu kwamba yeye hufundisha seti, lakini hii ya leo hajawahi kuiona. Mama akacheka, akamwambia ndiyo mtindo mpya, arudi jioni. Alipoondoka kicheko cha Mama kikaondoka naye. Akafunga nusu ya mlango na kunikalisha kwenye kapu la nguo.

Jicho la kushoto la Bibi lilikwisha tangu utotoni, hilo najua. La kulia sasa lina mtoto wa jicho, jeupe kama maji ya wanga. Daktari alisema linatibika kwa upasuaji, ila lisiachwe likakomaa zaidi. Mwezi wa nne walikwenda. Bibi aliinuka kwenye kiti cha daktari akatoka akishika kuta mpaka barabarani. Hakuna aliyeweza kumweleza. Mama huongea naye kwa midomo tu, polepole, akiifungua sana, na Bibi humsoma. Jambo zito namna hii, amesema Mama, midomo haiwezi kulibeba.

Mimi hawakuniambia kwa sababu msafiri habebeshwi jiwe.

"Tulikuwa tunakusubiri," Mama alisema. "Wewe ndiwe masikio yake."

Naliandika neno hili ili lisinipotee.


Alhamisi, 19 Juni

Siku nzuri! Tumetoka kwa daktari wa macho.

Ni mama mrefu, miwani yake inaning'inia kwa kamba, na mikono yake ni ya baridi, najua kwa sababu nilipeana naye mkono. Anamtazama mgonjwa anapoongea, si anayemsindikiza. Alimpima Bibi kwa muda. Kisha akaniomba nikae upande wa pili wa meza, nimkabili Bibi, nitafsiri.

Nimetafsiri yote. Kwamba jicho la kulia linaona mwanga na vivuli tu. Kwamba litafunguliwa, ukungu utatolewa, na kitu kidogo kisafi kitawekwa mahali pake. Kwamba dawa ya usingizi haifai kwa presha yake, hivyo atatiwa ganzi ya jicho peke yake naye atakuwa macho. Kwamba atafunikwa kitambaa usoni na asitikisike hata kidogo. Kwamba baadaye jicho litafungwa mpaka kesho yake. Mikono yangu haikukwama popote. Bibi aliitikia kila nilipofika kituo. Daktari akasema muulize kama ana swali. Nikauliza, akaitikia, nikasema hana.

Daktari alisema wagonjwa wake wengi wasiosikia huja bila mkalimani yeyote, na akauliza nimejifunzia wapi. Mama alinishika bega njia nzima ya kurudi.

Jumatano ijayo.

Labda hii ndiyo kazi nitakayoifanya nikimaliza shule. Sijamwambia mtu.


Ijumaa, 20 Juni

Nimegombana na Nukta.

Alitaka nimwonyeshe nilivyomwambia Bibi kwamba atafunikwa uso. Nikamwonyesha. Akasema Bibi haijui hiyo. Nikasema aliitikia, Mama ni shahidi.

"Bibi humwitikia hata muuza visu," akasema. "Mtu akisimama mbele yake, anaitikia. Ni adabu tu."

Nikamwambia ana wivu kwa sababu nimerudi na sasa hana kazi ya kujidai mkalimani.  Alifungua mdomo kama anataka kuongeza kitu, akaufunga, akageukia dirisha. Dirisha langu.

Hana hata miaka kumi. Nisimjali.


Jumatano, 25 Juni

Sijui nianzie wapi.

Daktari aliona kila kitu kimeshaelezwa, kwa hiyo mimi na Mama tukaambiwa tusubiri kwenye benchi la nje. Muuguzi akamshika Bibi mkono akaingia naye. Mlango ukafungwa. Mama alikuwa anakunja na kukunjua leso yake, kingo kwa kingo, kama ya mteja.

Kisha sauti ya Bibi. Huwa hatuisikii. Ana sauti lakini hajui ukubwa wake. Ikafuata sinia ya chuma ikianguka.

Nikaitwa. Bibi alikuwa ameketi juu ya kitanda, kile kitambaa cha kijani amekifumbata ngumi, muuguzi mmoja amejishika kifundo cha mkono. Nikasimama miguuni pa kitanda. Nikamwambia kwa alama: salama, hakuna hatari, naahidi. Hata mdomo wangu ulikuwa unaongea.

Bibi akaelekeza uso kwangu. Akaitikia kwa kichwa.

Aliitikia — huku kitambaa amekifumbata na mwili wote unatetemeka! Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Mama akaja akampa mkono. Bibi akautambua kwa kovu la pasi lililoko kwenye kidole gumba, akashuka kitandani, wakatoka. Mimi nilifuata nyuma na viatu vya Bibi.

Daktari hakukasirika. Alisema mgonjwa hakujua kinachokuja, mtu anayejua hapigani hivyo. Ametupa Jumanne ya tarehe nane mwezi ujao. Akikataa tena hatamlazimisha, jicho ni lake. Ila anavyosubiri ndivyo linavyokuwa gumu, na jicho lenyewe ni moja.

"Mweleze tena," akaniambia. Hakusema nimweleze vizuri. Lakini nilisikia.


Alhamisi, 26 Juni

Bibi amegeuza kiti chake kikatazama ukuta. Nikigusa bega, anafumba macho. Sisi tukichoka na maneno ya mtu tunaziba masikio. Yeye hufumba macho, na hapo umefukuzwa.

Hakula nilichompelekea. Alikula alichopelekewa na Nukta.


Jumamosi, 28 Juni

Leo Mama amenisimulia tukikunja mashuka, yeye ncha ile, mimi hii, tunakutana katikati na kuachana.

Bibi alipougua homa akiwa mtoto, mama yake alikuwa akimfunika uso kwa kitambaa cha maji ili kumpoza. Siku nyingi. Siku homa iliposhuka kitambaa kikaondolewa. Jicho moja halikufunguka vizuri tena, na jogoo alikuwa uani anafungua mdomo bila kutoa sauti. Bibi alilionyesha jambo hili kwa mikono mara moja tu, Mama akiwa msichana kama mimi. Kitambaa. Kuondoa. Jogoo. Kimya.

Yaani akilini mwake kitambaa ndicho kilichochukua.

Nimewahi kulala chumba kimoja na Bibi. Hata baridi ikiwa kali hajifuniki shuka kupita shingo. Nilikuwa nikimcheka kwamba miguu iko kwenye joto na kichwa kiko safarini. Na Jumatano wakaja watu wenye barakoa wakamshushia kitambaa usoni.

Mama anasema hakukumbuka kuniambia. Amesema hivyo kwa shuka, si kwangu. Tukakutana tena katikati.


Jumatatu, 30 Juni

Leo nimejua. 

Nilikwenda uani kuanua nguo. Nyuma ya mashuka nikaona miguu yao, ya Bibi na ya Nukta, imeelekeana. Nikafunua shuka kidogo. Walikuwa wameketi magoti kwa magoti, mikono ya Nukta ndani ya mikono ya Bibi. Nukta alikuwa anabana, anagonga, anachora kiganjani. Bibi amefumba macho kabisa, anacheka. Akajibu kwa kuchora kwenye mkono wa Nukta mpaka kwenye kiwiko. Walikuwa wanamsengenya mtu, najua kicheko hicho cha Bibi.

Amefumba macho na anaongea.

Nikakaa juu ya kapu la nguo mbichi. Nukta alipopita nikamshika gauni. Nikamuuliza, tangu lini. Akasema tangu mvua zianze.

"Bibi haioni mikono, dada. Anaona mtu kama moshi. Ukisimama mbali ni moshi unaorukaruka."

Daktari alisema mwanga na vivuli tu. Mama aliisikia, na mimi mwenyewe nilimtafsiria Bibi sentensi hiyo. Kwa mikono. Hewani! Nilikaa ng'ambo ya meza nikamwambia asiyeona kwamba haoni, nikasifiwa.

Nikamuuliza Nukta kwa nini hakusema. Akasema Bibi alimwapisha: Mama akijua hali imefika huko atamnyang'anya kopo la vifungo. Ni Nukta anayempangia vifungo kila asubuhi kabla ya shule, vya mashati huku, vya makoti kule, na kumtungia uzi sindano nyingi za kutosha siku nzima. Siku ya shati la mwalimu wa hesabu alikuwa amechelewa kuamka.

"Nilikuambia nusu, ukasema nina wivu. Nusu nyingine nikaimeza."

Nikaliachia gauni lake. 


Jumanne, 1 Julai

Nimemwambia Mama. Nukta alilia kwamba nimemvunjia kiapo, nikamwambia kiapo amevunja Ndege, si Nukta.

Mama aliisahau pasi, ikachoma kitambaa cha meza. Akauliza: basi hii miezi yote anamfungulia nani midomo? Alikuwa anamwambia habari za wateja, habari za Baba, habari zangu nilipokuwa mbali. Bibi anaitikia.

Alitoka akaenda kwa Bibi. Nilidhani anafuata kopo. Alilichukua kweli, akalifungua, akavipanga vifungo upya kwa ukubwa, akalirudisha mapajani pale pale. Kisha akakaa chini, akaweka kichwa kwenye goti la Bibi. Bibi akampapasa nywele akitafuta kilichotokea.


Alhamisi, 3 Julai

Nukta ananifundisha. Ada yake ni leso zote za wiki nizinyooshe mimi, na upande wa dirisha usitajwe tena.

Ananifunga macho kwa mkanda wa gauni na kunichorea kiganjani. Nikikosea ananipiga kofi dogo la vidole. Ishara zetu zilezile, kumbe, ila zimehama kutoka hewani zikaingia mwilini. Njaa inagongwa tumboni kwa mwenzako. Mama ni ngumi inayotelezeshwa kwenye mkono kama pasi. Njoo ni kuvuta kidole kidogo. Zipo na mpya walizozizua wenyewe. Mwalimu wa hesabu ni kupima urefu wa kidole kwa kidole. Huyo ndiye waliyekuwa wanamsengenya.

Nilimuuliza mimi naitwaje kiganjani. Akasita. Akaweka kiganja chake bapa juu ya changu, akakitelezesha kuelekea kwenye vidole, kikatoka, kikapotea.

Najua si ubaya. Kila siku walikuwa wananitaja. Lakini kukisikia kinavyotoka mkononi ni kitu kingine.

Jioni nilikaa karibu na Bibi nikaweka mkono wangu chini ya wake. Akauondoa. Nikauweka tena. Akakaa kidogo, kisha akanipa sindano na uzi. Nimetunga sindano zote.  Hakufumba macho.


Jumamosi, 5 Julai

Leo tumefanya mazoezi ya upasuaji dukani, juu ya meza ya pasi.

Nililala mimi kwanza, maana hakuna wa kumwomba Bibi alale kabla yangu. Nukta alikuwa daktari na kijiko. Mama alikuwa muuguzi. Bibi alisimama akinishika. Nikachukua kile kitambaa chembamba cha kupigia pasi suruali, nikauweka mkono wa Bibi juu yake, nikajifunika uso mwenyewe, mkono wake ukiwa bado juu. Alitaka kukivuta. Nikaushika. Nikamchorea: bado. Nukta akahesabu kimoyomoyo, akasema kwisha. Nikakiondoa na kuupeleka mkono wa Bibi kwenye macho yangu, yote mawili, ayapapase kope zinavyopepesa. Kisha kwenye masikio yangu. Nukta akanipigia kelele sikioni nikaruka, na Bibi akahisi mruko.

Yapo. Hakijachukua kitu.

Tukarudia. Nukta akalala, Mama akalala, na akiwa chini ya kitambaa akaimba. Bibi alimshika koo akahisi wimbo. Mteja mmoja aliingia kuchukua suruali, akamkuta Mama juu ya meza kafunikwa, akatoka kinyumenyume. Mama akamkimbilia barabarani na suruali yake.

Bibi alicheka. Halafu, bila kuombwa, akavua viatu akapanda mezani. Alikunja uso kitambaa kiliposhuka. Tumbo lilikuwa linapanda na kushuka haraka. Nikamchorea bado, bado, bado. Akavumilia. Kilipoondolewa akajigusa jicho kwanza.

Tumekubaliana: kidole kinachosugua polepole ni bado. Viganja viwili kuukumbatia mkono wake ni kwisha.

Akiwa amekaa ukingoni mwa meza akauliza nani atakayemshika siku hiyo. Kisha akajibu mwenyewe. Alibana vidole viwili kwenye kiganja changu.

Nukta.


Jumapili, 6 Julai

Nilipiga simu hospitali. Muuguzi akasema mtoto wa umri huo haingii chumba cha upasuaji, hata daktari akitaka. Mimi au Mama, mmoja tu.

Mama amesema mikono yake haijui kuongea. Anajifunza, lakini ni kama mtu mzima anayeanza baiskeli. Nimebaki mimi.

Nukta ndiye aliyempa Bibi habari. Nilitazama kutoka mlangoni. Kubana vidole, kukataza. Kisha kiganja bapa kikitelezeshwa. Bibi alikaa muda mrefu na mikono ya Nukta mikononi. Hakuitikia kwa kichwa. Nimefurahi kwamba hakuitikia. Sijui kama atakwenda.


Jumatatu, 7 Julai

Leo ameshona vifungo vyote vilivyokuwepo, hata vilivyokuwa vimekaza. Kisha akafunga kopo, akampa Mama alitunze.

Mama anasema ndilo jibu. Mimi sisemi.


Jumanne, 8 Julai

Niko wodini, jua linazama. Naandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia uko kwa Bibi. Mwandiko ni kama wa kuku, lakini nitausoma mwenyewe.

Alikwenda kwa miguu yake. Mlangoni Nukta alimkumbatia kiunoni, akamchorea kitu ambacho hakutaka kuniambia. Mimi nilivalishwa gauni, kofia na barakoa. Kishimo cha shavu kikafunikwa. Nilikaa kwenye kiti kifupi ubavuni, mkono wake ndani ya wangu, chini ya shuka. Ganzi ilipoingia alinibana mpaka nikasikia mifupa. Kisha kitambaa kikashuka.

Bado. Bado. Bado.

Katikati ya kazi kidole chake kikaanza kutembea. Kikatafuta kiganja changu. Kikabana vidole viwili, kikangoja. Nukta?

Alikuwa amesahau, au alikuwa na tumaini, sijui. Daktari akasema kwa sauti ya chini kwamba vidole vinatikisika, nimwambie atulie kabisa sasa, sasa hivi. Ilikuwa rahisi sana. Kubana vidole viwili tu, naye angetulia. Nilivikutanisha kabisa vidole vyangu. Hakuna ambaye angejua.

Lakini kesho angefunguliwa jicho. Na mimi tayari nilikwishamwambia mambo mengi ambayo hakuyaona.

Nikaweka kiganja bapa juu ya kiganja chake. Nikakitelezesha kuelekea vidoleni. Mkono wake ukakauka. Sikukiacha kitoke. Nilikigeuza pale kwenye ncha, nikakirudisha polepole, mpaka kikatua katikati ya kiganja chake, kikakaa. Jina hilo halipo. Nimelizua pale pale.

Hakujibu. Hakutikisika tena. Daktari aliendelea na kazi. Mwisho nikaukumbatia mkono wake kwa viganja viwili, na mtu akaondoa kitambaa. Daktari amesema yeye kazi yake imekwenda sawa. Jicho litaonyesha lenyewe.

Sasa jicho lina kifuniko cha plastiki na pamba, mpaka kesho asubuhi. Mama amekwenda kufunga duka na kurudi. Saa ya kuona wagonjwa Nukta ameruhusiwa kuingia, ameketi upande wa pili wa kitanda, ameushika ule mkono mwingine.  Kila mmoja na mkono wake. Bibi amelala hivi tangu mchana na hajasema neno kwa yeyote kati yetu.

Muuguzi amepita akauliza nani kati yetu ni mkalimani. Tumenyoosheana vidole.

Ameamka. Nahisi kabla sijaona. Anautoa mkono kwa Nukta. Anautoa na kwangu. Anajigusa masikio, hili, na hili. Anagusa kifuniko cha jicho, nami namzuia, anakubali kuzuiwa. Sasa ananyoosha kiganja. Bapa. Kinapanda juu polepole, juu ya shuka, juu ya vichwa vyetu. Nukta ananitazama. Sijui kama ananiita au ananiaga.

Bado kiko juu. Namsubiri akishushe—